Filta Nzito ya ND na Picha za Muda Mrefu: Niliyojifunza kwa Gharama

Picha za muda mrefu zilinivutia kabla sijajua zinavyopigwa. Nilikuwa nikiona bahari isiyo na wimbi hata moja, mawingu yaliyovutika kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine, na viwanja vya miji mikubwa vikiwa vitupu mchana kweupe, nikaamini kwamba hayo yote hutengenezwa kwenye kompyuta. Nilipoelezwa kwamba kazi kubwa hufanywa na kipande kimoja cha kioo cheusi kinachowekwa mbele ya lenzi, yaani filta ya ND (neutral density, kipunguza mwanga), nilikitafuta hadi nikakipata, kisha kwa miezi kadhaa nikawa narudi nyumbani na picha mbovu kuliko nilizokuwa nikipiga kabla ya kukinunua. Ilifika mahali nikakata tamaa na kutaka kumpa mtu mwingine. Ninaandika haya kwa ajili ya anayekaribia kununua filta ya namna hiyo, au aliyekwisha kuinunua na sasa anajiuliza mbona haimpi alichotarajia. Karibu kila kilichonisumbua kilikuwa na sababu inayoelezeka, na mara nyingi chanzo kilikuwa kimoja: filta nzito hugeuza mpangilio wa kazi. Yale ambayo mpiga picha amezoea kuyaamua huku akitazama, sasa inambidi ayaamue mapema, kwa kuwa kioo kikishakaa mahali pake yeye haoni tena, na mara nyingi kamera nayo haioni.

Nianze na namba, maana ndizo zinazowapotosha wanunuzi wengi. Nguvu ya filta ya ND huhesabiwa kwa stopu, na kila stopu hupunguza mwanga uliopo kwa nusu. Filta ya stopu 3 hupitisha sehemu moja kati ya 8, ya stopu 6 sehemu moja kati ya 64, na ya stopu 10 sehemu moja kati ya 1,024. Watengenezaji, hata hivyo, hawaandiki kwa namna moja. Wapo wanaoandika kigawanyo, kwa hiyo stopu 6 huitwa ND64 na stopu 10 huitwa ND1000 baada ya namba kukadiriwa. Wapo wanaoandika kiwango cha weusi wa kioo, ambapo kila stopu ni 0.3, kwa hiyo stopu 3 ni 0.9, stopu 6 ni 1.8, na stopu 10 ni 3.0. Mtu anayenunua ND8 akidhani amepata stopu 8 amepata stopu 3, ambazo saa za mchana haziwezi kulainisha maji hata kidogo. Kabla ya kulipa, ulizia idadi ya stopu, na usikubali jibu lingine.

Swali linalofuata ni nguvu kiasi gani inatosha, na hapa matarajio yangu yalikuwa mbali na ukweli. Kanuni ya zamani ya wapiga picha husema kwamba chini ya jua kali, tundu la lenzi likiwa f/16 (namba ikikua, tundu huwa dogo), mwendo wa shata, yaani muda ambao kilango cha kamera hubaki wazi, hukaribia moja chini ya namba ya ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), yaani 1/100 ya sekunde kwa ISO 100. Kwa tundu la f/11 mwendo huo huwa 1/200. Ukiweka filta ya stopu 10 hapo, muda wote unaopata ni kama sekunde 5. Nilikuwa nimejiandaa kwa dakika nzima, na sekunde 5 hufuta viwimbi vidogo tu huku wingu likiwa halijasogea. Kishawishi kinachokuja mara moja ni kufunga tundu hadi f/22, na madhara yake huonekana baadaye kwenye kompyuta: mwanga unaopenya kwenye tundu dogo mno hutawanyika, ukali wa picha nzima hupungua, na kila kivumbi kilichotua juu ya kihisi, sehemu ya kamera inayopokea mwanga, hujitokeza kuwa doa jeusi angani. Siku hizi hubaki kati ya f/8 na f/11, na f/16 ninapobanwa. Nikihitaji muda mrefu chini ya jua la mchana hutumia filta ya stopu 15, inayopitisha sehemu moja kati ya 32,768 na kugeuza ile 1/200 kuwa takriban dakika 2 na sekunde 44. Mara nyingi zaidi, lakini, husubiri jioni, ambapo stopu 10 zinatosha na mwanga wenyewe ni mzuri zaidi.

Sasa mpangilio wa kazi. Kamera hukaa juu ya tripodi, filta ikiwa bado mfukoni. Napanga picha, nanyoosha upeo wa macho, nafanya fokasi, kisha nahamisha swichi ya lenzi kutoka fokasi ya kamera kwenda fokasi ya mkono. Hatua hii ya swichi ndogo ina uzito kuliko inavyoonekana: kamera inayotafuta fokasi kupitia kioo kinachozuia karibu mwanga wote hupeleka lenzi mbele na nyuma bila kutua popote, na hatimaye hukataa kupiga, au hupiga ikiwa imelenga hewa. Baada ya hapo napima mwanga na kupiga picha ya majaribio bila filta, naitazama histogramu yake (mchoro unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha), narekebisha hadi niridhike, na kuandika tundu na mwendo wa shata. Naizima ISO ya kujipangia yenyewe, kwa sababu kamera ikiona giza itaipandisha ISO na kuvuruga hesabu yote. Hapo ndipo filta inapotoka mfukoni.

Filta ya kuzungusha kwenye nyuzi za lenzi hudai mkono mwepesi. Nashika mwili wa lenzi kwa mkono wa kushoto, nyuma kabisa ya pete ya fokasi, nazungusha filta kwa ncha za vidole vya mkono wa kulia, kwanza kinyume hadi nihisi nyuzi zimekaa kwenye njia yake, kisha mbele polepole, na kuacha mara inapogusa mwisho. Ukiikaza kwa nguvu, pete ya fokasi huzunguka nayo bila wewe kujua, na picha ya dakika tatu itatoka na ukungu ambao hautauelewa. Ukiikaza sana kwenye baridi, huenda isitoke tena kwa vidole vitupu. Wapo wanaobandika kipande kidogo cha utepe juu ya pete ya fokasi ili isisogee, na sasa nami hufanya hivyo kila mara.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kwa stopu 10, kwa kuwa kuzidisha kwa 1,000 kunatosha. Mwendo wa 1/125 unakuwa sekunde 8, 1/60 unakuwa sekunde 17, 1/30 sekunde 33, 1/15 sekunde 67, na 1/8 dakika 2 na sekunde 5. Niliziandika kwenye kadi ngumu na kuiweka ndani ya mkoba wa kamera, na ingawa simu ina programu za kukokotoa, kadi haiishiwi chaji. Kamera nyingi hufikia mwisho wa sekunde 30, na zaidi ya hapo inabidi uingie kwenye hali inayoandikwa B au Bulb, ambamo shata hubaki wazi kwa muda wote kitufe kinapobanwa. Kukibana kwa kidole kwa dakika mbili ni kuitikisa kamera kwa dakika mbili. Rimoti ya waya yenye kifungio ni lazima, nayo ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mkoba wangu, ambacho pia nikikisahau nyumbani safari yote huharibika.

Usiiamini namba iliyochongwa kwenye pete ya filta bila kuipima. Filta inayoitwa ya stopu 10 inaweza kuwa pungufu au zaidi kwa nusu stopu, na nusu stopu kwenye picha ya dakika 4 ni zaidi ya dakika moja na nusu. Nilipima yangu kwa kupiga ukuta mweupe wenye mwanga usiobadilika, mara ya kwanza bila filta na ya pili nikiwa nayo kwa muda uliokokotolewa, kisha nikalinganisha histogramu mbili. Picha ya pili ilikuwa na giza waziwazi. Tangu hapo huongeza muda kwa kiasi kile kile kila ninapoitumia filta hiyo, na picha za majaribio zimepungua sana. Jambo lingine, ukisoma maelekezo ya enzi za filamu utakuta wanasisitiza kuongeza muda zaidi kadiri picha inavyorefuka. Hilo lilitokana na tabia ya filamu, ambayo wepesi wake wa kupokea mwanga hupungua muda unapokuwa mrefu. Kihisi cha kamera ya dijitali hakina tabia hiyo, kwa hiyo hesabu hubaki kama ilivyo.

Kinachobadilika ni mwanga wenyewe. Jua likishazama, mwanga uliopimwa mwanzoni mwa picha si ule utakaokuwepo dakika tatu baadaye, na picha hutoka na giza hata kama hesabu ilikuwa sahihi. Jioni huongeza muda kwa theluthi moja au hata nusu, kutegemea giza linavyoingia haraka, na asubuhi hupunguza. Hakuna fomula nitakayokupa hapa, jicho huzoea. Ninachosisitiza ni kwamba upime upya kabla ya kila picha, hata kama inamaanisha kuitoa filta na kuirudisha, kwa sababu vipimo vya dakika kumi zilizopita jioni ni vipimo vya siku nyingine.

Kulikuwa na doa lililonitesa kuliko yote. Katikati ya baadhi ya picha palitokea utepe wenye rangi ya zambarau iliyopauka, mara nyingine ukiwa mpana, mara nyingine mwembamba, na kwenye picha za kawaida haukuwapo. Nililaumu filta, nikalaumu lenzi, nikasafisha kihisi. Chanzo kilikuwa nyuma ya kamera. Kamera yenye kioo cha ndani kinachoakisi mwanga ina kitundu cha kutazamia, na wakati jicho lako haliko hapo, mwanga huingia kwa nyuma. Kwenye picha ya 1/125 mwanga huo si kitu. Kwenye picha ya dakika mbili, huku mwanga wa mbele umepunguzwa mara elfu, ule wa nyuma hugeuka kuwa mwingi, hasa jua likiwa mgongoni kwako. Baadhi ya kamera huja na kifuniko kidogo cha mpira kwenye mkanda wake, nyingine zina kilango cha ndani, na pasipo hivyo kitambaa cheusi kizito hutosha. Kifunike kabla ya kupima mwanga pia, kwani hata vipimo huathirika. Kamera zisizo na kioo cha ndani hazina njia hiyo, lakini anayetumia filta za mraba bado ana mwanya kati ya filta na kishikio chake. Filta nzito za mraba huwa na sponji nyembamba iliyobandikwa upande mmoja ili kuuziba, na upande huo lazima uelekee lenzi, kwenye nafasi iliyo karibu nayo kuliko zote.

Rangi ni somo refu. Filta nzito mara nyingi haipunguzi rangi zote kwa usawa kama inavyodai, na picha hutoka na ubluu, ukahawia au uzambarau, kila filta na tabia yake. Ukipiga faili la RAW (data ghafi ya kihisi) na kurekebisha mizani ya rangi nyeupe, sehemu kubwa ya tatizo huondoka. Inayobaki ndiyo ngumu, nayo hutokana na miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Kioo kinachozuia mwanga unaoonekana kwa stopu 10 kinaweza kuiruhusu infraredi ipite kwa wingi, na kizuizi kilicho juu ya kihisi hakiwezi kuizuia yote, kwa hiyo kile kilichokuwa kidogo kikilinganishwa na mwanga wa kawaida sasa kina sauti kubwa. Dalili yake ni vivuli na vitu vyeusi kuelekea wekundu au ukahawia, huku sehemu nyingine za picha zikiwa sawa. Kitambaa cheusi cha nyuzi za viwandani kinaweza kutoka na rangi ya hudhurungi, na majani mabichi, ambayo huakisi infraredi kwa nguvu, hubadilika kwa namna tofauti na mwamba ulio kando yake. Kwa kuwa kila kitu huakisi kwa kiasi chake, rekebisho moja la picha nzima haliwezi kuponya vyote. Dawa ni kununua filta iliyotengenezwa kuzuia infraredi pamoja na mwanga unaoonekana. Nilipobadilisha filta yangu ya kwanza nikachukua ya aina hiyo, saa nyingi nilizokuwa nikizipoteza kwenye kompyuta zilirudi mikononi mwangu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile ya bei rahisi ilinigharimu mara mbili. Kama uwezo hauruhusu, geuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, na uifanye kwa moyo mkunjufu, kwani picha nyingi za muda mrefu hupendeza zaidi hivyo.

Kuhusu uthabiti, tripodi ni neno la kwanza, upepo ni la pili. Mkanda wa kamera ulioachwa ukining'inia hupigwapigwa na upepo kama tanga na kuitikisa kamera kwa muda wote shata ilipokuwa wazi, kwa hiyo uvue au uufunge kwenye mguu wa tripodi. Nguzo ya katikati usiinyanyue ikiwa unaweza kupanga picha bila kuinyanyua. Mfumo wa kutuliza mtikisiko uzimwe, kwa sababu kamera isiyotikisika huupa mfumo huo kazi ya kutafuta mtikisiko usiokuwepo. Ukisimama ufukweni ambapo wimbi hufika, sukuma miguu ya tripodi mchangani, acha mawimbi machache yaipitie, na uone kama bado inazama kabla ya kuanza. Mtikisiko wa sekunde ya kwanza, ule wa kubonyeza au wa kioo cha ndani kupanda, kwenye picha ya dakika 2 hauna athari ya maana. Kwenye picha ya nusu sekunde unaweza kuiharibu. Mtikisiko unaodumu ndio wa kuogopa pale muda unapokuwa mrefu.

Kihisi kinachofanya kazi kwa dakika kadhaa hupata joto, na joto huzaa nukta zinazong'aa, nyekundu, buluu na kijani, zilizotapakaa hasa kwenye sehemu za giza. Kamera nyingi zina uwezo wa kuziondoa kwa kupiga picha ya pili, shata ikiwa imefungwa, kwa muda ule ule, kisha kuzitoa nukta zilizopatikana humo. Maana yake, picha ya dakika 4 inakuchukua dakika 8, na kwa dakika 4 za mwisho kamera haiguswi. Wakati wa machweo hizo ni dakika ambazo hazitarudi. Mchana, pale mwanga usipokimbia, huuacha mfumo huo ukifanya kazi. Jua linapozama huuzima, nikaziondoa nukta baadaye kwenye kompyuta, na kama ninatarajia nyingi, hupiga picha moja ya giza nikiwa nimefunika lenzi, kwa muda na ISO ile ile, kabla kamera haijapoa. Betri huisha haraka kuliko unavyofikiri, hasa kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, hivyo beba ya pili, na kwenye baridi iweke mfukoni karibu na mwili.

Pamoja na hayo yote, swali ambalo hulitafakari zaidi kabla ya kufungua shata ni la muda gani unafaa. Nilipoanza, nilipenda muda mrefu kwa sababu tu ulikuwa mrefu, na picha zangu za bahari zikafanana zote: ukungu mweupe chini, mwamba katikati, anga juu. Maji yana viwango vyake. Kati ya robo sekunde na sekunde moja, wimbi linalorudi baharini huacha mistari myeupe inayoonyesha lilikopita, na kwa hilo filta ya stopu 6 inafaa kuliko ya stopu 10. Kati ya sekunde 5 na 15 mistari hiyo huanza kuyeyuka lakini umbo la maji hubaki. Baada ya sekunde 30 maji huwa ukungu au uso laini, na kutoka hapo hadi dakika 4 hayabadiliki sana, kwa hiyo kama anga haina wingu, dakika 3 za ziada hukupa nukta na kukumalizia betri. Mawingu ndiyo yanayostahili dakika nyingi. Yanayokuja kuelekea kamera au kuondoka hufunguka kutoka sehemu moja ya upeo na kuijaza anga kwa mistari, na yanayokatiza kwa ubavu huacha michirizi ya mlalo. Kabla ya kupanga picha hutazama juu kwa dakika kadhaa nijue yanakwenda wapi na kwa kasi gani, na nikiona anga tupu ya buluu, filta nzito hubaki mkobani.

Kumbuka pia kwamba kila kisichofungwa husogea. Mashua iliyotia nanga hutoka na kivuli chake, matawi huwa manyoya, na jua au mwezi ukiwa ndani ya picha hujivuta, kwa kuwa husogea angani kwa upana wake wenyewe katika muda wa kama dakika 2. Watu wanaotembea hutoweka, na hili lilijulikana tangu mwanzo wa sanaa hii. Louis Daguerre alipopiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris mwaka 1838, vifaa vyake vilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na barabara yenye pilikapilika ilitoka tupu, isipokuwa mtu aliyekuwa amesimama kusafishiwa viatu. Ninapopiga kiwanja chenye watu wengi hulikumbuka hilo kwa vitendo: wanaopita watapotea, lakini aliyeketi kwenye benchi atabaki, na akibadilisha mkao mara mbili atabaki na vichwa viwili.

Kuna onyo moja ambalo siwezi kuliacha. Filta ya stopu 10, hata ya 15, haikuruhusu kulitazama jua kupitia kitundu cha kutazamia. Filta zilizotengenezwa mahsusi kwa kutazama jua kwa macho hupunguza mwanga kwa takriban mara 100,000 na huzuia pia miale isiyoonekana, wakati filta ya ND ya kawaida huweza kuipitisha miale ya infraredi moja kwa moja hadi ndani ya jicho bila wewe kuhisi mwangaza. Jua likiwa ndani ya picha, tumia skrini, na usiiache lenzi ikilielekea muda mrefu kuliko picha inavyohitaji.

Kama ningekuwa naanza leo, ningenunua ya stopu 6 kwanza, kisha ya stopu 10, zote kwa kipenyo cha lenzi yangu kubwa kuliko zote, pamoja na pete za kupandisha kipenyo kwa ajili ya lenzi ndogo, badala ya kununua filta kwa kila lenzi. Kuzipandanisha mbili kunawezekana, ila kwenye lenzi pana kona za picha hutiwa giza na ukingo wa pete. Filta za mraba huondoka na kurudi haraka bila kugusa pete ya fokasi, na kwa anayetumia lenzi nyingi ni nafuu kwa muda mrefu, lakini za kioo huvunjika zikianguka na za plastiki hukwaruzika. Zile zinazobadilika nguvu kwa kuzungushwa sizishauri kwa kazi hii: ndani yake kuna filta mbili za polaraiza, zinazopitisha mawimbi ya mwanga ya uelekeo mmoja tu, na ukizifikisha kwenye nguvu ya mwisho kwenye lenzi pana, picha hupata msalaba mkubwa wa giza. Kioo cha mafundi wa kuchomelea, ambacho wengi hukipendekeza kwa ubahili, hufanya kazi ya kuzuia mwanga, lakini huipaka picha ukijani mzito usiotoka vizuri hata kwenye faili la RAW.

Na usiku ambao hukuwa na filta nzito, au upepo ni mkali kiasi kwamba tripodi haiwezi kutulia dakika nzima, ipo njia nyingine. Piga picha 16 za sekunde 4 kila moja, zikifuatana kwa mwanya mdogo kabisa kwa kutumia rimoti iliyofungwa, kisha uziunganishe kwenye kompyuta kwa wastani. Maji yatalainika karibu sawa na ya picha moja ya sekunde 64, chembechembe zinazochafua sehemu za giza zitapungua hadi robo, na picha moja ikitikiswa na upepo unaitupa bila kupoteza nyingine. Udhaifu wake ni mawingu yaendayo kasi, ambayo kwenye mwanya kati ya picha na picha huacha ngazi ndogo ndogo badala ya mchirizi mmoja, kwa hiyo kwa anga bado natumia kioo.